Kwa Nini Tunagonga Shina Mara Mbili

Siku niliyorudisha kamba zangu stoo, kijana mmoja wa kitaluni aliniuliza, "Mzee Mshamu, hili la kugonga shina mara mbili mtu akipanda, tulilirithi kwa Wajerumani?" Nikamwambia hapana. Akasema yeye ameambiwa ni kwa Wajerumani. Basi nimeona niandike, maana nikishakufa mimi, Wajerumani watachukua na hili.

Mimi si mwandishi. Chuoni kwa maalimu nilifika juzuu ya tatu, skuli nilisoma darasa mbili na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu paa la darasa liling'oka, na lilipokuja kuezekwa mimi nilikuwa nishazoea kutokwenda. Nikipotea njia humu ndani mnisamehe, nitarudi. Vyeo nilivyopata sitavitaja. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa jina tu.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya misitu. Nilikuwa mkwezi wa minazi kwetu Tongoni. Aliyenifundisha ni Mzee Mbaruku, mtu mwembamba, mfupi, ulimi wake mkali kuliko panga lake. Siku ya kwanza aliniweka chini ya mnazi kutwa nzima, nikimtazama nyayo. Jioni akaniuliza, "Umeona nini?" Nikasema nimeona unavyopanda. Akasema, "Mjinga wewe. Hata kuku ameona ninavyopanda. Umesikia nini?"

Nilichokuwa nimesikia ni hiki. Kabla hajaweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha shina, Mzee Mbaruku aliweka mkono shavuni kama muadhini, akapaza sauti: "Mkwezi yu juuu!" Akangoja. Kutoka uani kwa watu wanawake wakaitikia, "Tumejisitiri, panda!" Nyinyi wa zama hizi mna mabafu ya kuezekwa. Zama zile mtu alioga nyuma ya ua wa makuti, juu wazi, na mkwezi akifika kileleni anaona nyua za mtaa mzima. Kwa hiyo lazima abishe hodi, na lazima aitikiwe. Asipoitikiwa hapandi, hata akisimama hapo mpaka adhuhuri.

Nilidhani ni adabu tu kwa ajili ya wanawake. Mzee Mbaruku akacheka. "Adabu, ndiyo. Lakini aliyekuitikia anajua uko juu. Ukianguka, kuna mtu anayejua kuna mtu wa kuanguka. Usipande mti usioitikiwa, Mshamu. Mti usioitikiwa ni kaburi lililosimama."

La pili alilonifundisha linahusu shina. Mkwezi akiwa juu na nyumbani kwake kukatokea msiba, hapigiwi kelele. Ukimwambia mtu aliye juu ya mnazi kwamba mamaye amekufa, utazika wawili. Kwa hiyo mtu huja taratibu, akagonga shina kwa kipande cha mti. Wewe huko juu unaisikia nyayoni kabla ya masikioni. Unashuka, unakaa chini, ndipo unaambiwa. Mimi niligongewa mara moja tu, alipokufa baba. Hiyo nyayo zangu hazijaisahau.

Sasa twende kazini. Bwana Misitu mmoja wa Kiingereza alikuja Tongoni kutazama mikoko, akaniona juu ya mnazi. Jina lake sitaliandika. Sisi tulimwita Bwana Gome, kwa sababu kila mti aliubandua gome kidogo, akanusa, akalitia mfukoni, na mke wake alilalamika sana juu ya mifuko hiyo. Kiswahili alikijua cha kutosha kazi. Akaniuliza kama naweza kupanda mti wenye matawi. Nikasema mti ni mti. Uongo huo. Mnazi ni mkweli, unakuonyesha wote ulivyo. Mti wa msitu una tawi bichi na tawi lililokufa, na yote mawili yanakukaribisha.

Akanipeleka kitaluni, kule chini ya milima, njia ya Muheza, nikawa mpanda miti wa kuchuma mbegu. Hakukuwa na nyua za wanawake huko, lakini niliita vilevile, na vibarua wakaitikia kwa kunicheka: "Tumejisitiri, panda!" Wanaume watupu, wenye ndevu. Walinicheka, lakini waliitikia, na hilo ndilo nililolitaka.

Miaka kama mitatu kabla ya Uhuru, Bwana Gome alimaliza kazi akarudi kwao. Muda si mrefu ikaja barua kwamba inatakiwa miche ya miti ya milimani, ipelekwe Ulaya ikiwa hai, ipandwe ndani ya nyumba ya vioo, na iende na mtu wa kuiangalia njiani. Nikatajwa mimi. Mama yangu alikuwa mgonjwa wakati huo, kifua. Nilitaka kukataa. Mama mwenyewe akasema, "Nenda. Nikifa utarudi tu, nisipokufa utarudi tu." Nikamwacha Tongoni na mke wangu Zuhura, ambaye nilikuwa nimemuoa mwaka uleule.

Meli ilikuwa ya mizigo, imejaa katani. Kazi yangu ilikuwa kufunika masanduku ya miche yasipate maji ya chumvi, na kuyafunua yapate hewa. Nilitapika mpaka Suweisi. Miche haikutapika. Ilifika mizima isipokuwa minne, nikaikabidhi, wakanishukuru, na hapo ndipo nilipoambiwa kwamba meli ya kunirudisha Tanga itapatikana baada ya wiki saba. Bwana Gome akanichukua kwake shamba. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na msitu, mali ya jirani yake, na humo mlikuwa na misonobari mirefu. Akasema, badala ya kukaa bure, nichume mbegu zake, nirudi nazo zikapandwe milimani kwetu. Gunia moja la mbegu safi. Niliposikia hivyo nilifurahi. Nilikuwa na kazi, na nilikuwa na cha kurudi nacho.

Msitu ule, ndugu zanguni, sijui niuelezeje. Wa kwetu una kelele. Una kima, una hondohondo, una wadudu wanaolia kama mashine ya kuchana mbao. Ule ulikuwa kimya. Unatembea juu ya majani makavu, unasikia nyayo zako mwenyewe, ukisimama husikii kitu. Nilifika msimu ambao miti yenye majani mapana inapukutika. Hakuna aliyeniambia. Asubuhi ya tatu nikaona mti mzima umebaki mifupa, nikamkimbilia Bwana Gome kumwambia miti ya jirani imeingiwa na ugonjwa. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilirudi msituni nikiona haya. Kila jani lililoanguka nilikuwa nalihesabia siku.

Humo msituni nilifanya kazi na mtu mmoja tu, mtunzaji wa ule msitu, mzee jina lake Alfu. Mrefu, masharubu meupe, kofia ya sufu haivuliwi. Siku ya kwanza Bwana Gome alituacha pamoja. Kabla hajaondoka akaniambia kwa Kiswahili chake, "Alfu ni mtu mzuri sana. Lakini hasikii."

Nikasema nimeelewa. Hasikii. Wazee wa namna hiyo nawajua, Mzee Mbaruku mwenyewe hasikii. Ukimwambia mvua inakuja, usipande, ndiyo kwanza anafunga kamba. Nikajipanga kukaa na mzee mkaidi.

Nikamwendea nikamsalimu. Kiingereza changu kilikuwa maneno arobaini hivi, na salamu imo. Hakujibu. Alikuwa amenipa mgongo, anachonga vigingi vya ua. Nikarudia. Kimya. Nikazunguka mbele, akaniona, akainua kidole kwenye kofia, akaendelea kuchonga. Nilihisi uso umeniwaka. Kwetu salamu ni deni, usipoijibu umemla mtu. Nikasema moyoni, Bwana Gome kweli, huyu hasikii.

Nikaenda kwenye msonobari wangu wa kwanza. Nikafunga kamba ya miguuni, nikatia mfuko begani. Kisha nikageuka, mkono shavuni, nikaita kwa sauti yangu yote: "Mkwezi yu juuu!" Sikuwa na mwingine wa kuniitikia ila yule mzee. Alikuwa ameinua macho ananitazama. Hakusema neno. Nikasimama nikakumbuka kwamba mti usioitikiwa haupandwi. Nikakumbuka pia gunia. Nikasema Bismillahi, nikapanda.

Sijafika juu ya vichwa vya watu wawili, nikasikia nyayoni: tok, tok.

Nilishuka nadhani bila kugusa mti. Alfu alikuwa amesimama shinani na mpini wa shoka. Nikamuuliza, "Nani?" Nikamuuliza kwa Kiswahili, nikamuuliza kwa Kiingereza, nani amekufa, ni mama, barua imekuja? Akanitazama mdomo, akatabasamu, akanionyesha dole gumba, akarudi kwenye vigingi vyake.

Nilikaa chini ya mti ule nusu saa, ndipo nikapanda tena.

Kesho yake hivyohivyo. Naita, hanijibu, napanda, anakuja kugonga mara mbili. Nashuka, hakuna kitu. Siku ya tatu, ya nne. Kufika wiki ya pili nilikuwa sishuki tena, lakini kila akigonga moyo unashuka peke yake, unakwenda Tongoni, unafungua mlango, unamtazama mama, unarudi. Niliona mzee huyu amegundua kinachonitisha na anacheza nacho. Isitoshe, nikiwa juu alihamisha kazi yake akakaa akielekea mti wangu, akawa kila mara anainua macho. Nikasema, ananisimamia, ananiona mvivu au mwizi. Na jambo jingine la ajabu, kila asubuhi alibeba ngazi ndefu kutoka bandani, mzee yule, inamyumbisha, akaja nayo mpaka nilipo, akaiegemeza mahali, na jioni akairudisha. Kutwa haitumii. Nikasema na ukichaa umo.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia Bwana Gome. Nimwambie nini? Mimi mgeni, nala chakula chake, viazi asubuhi viazi jioni, nimshitakie mzee wa watu? Mgeni akianza kushitaki, hata mkeka hukunjwa. Nilinyamaza. Barua kutoka nyumbani haikuja. Usiku niliongea na Zuhura peke yangu, na mchana sikuongea na mtu. Ilifika mahali nikikohoa nasituka, nikidhani kuna mtu.

Wiki ya tano nikapata hila. Nikajiambia, huyu hugonga nikishaita. Nisipoita hatagonga.

Asubuhi ile Alfu alikwenda kijitoni kuchota maji ya kunolea. Nilipoona mgongo wake umepotea, nikapanda. Sikuita. Nilipanda mti ule kama mwizi wa madafu. Aliporudi hakuniona, na mimi nilikuwa nishapita matawi ya chini. Akatazama huku na huku, nadhani alifikiri nimekwenda kusali, akakaa akaanza kuchonga, mgongo kwangu. Hakuna tok, hakuna tok. Nikafurahi. Ndiyo siku niliyofanya kazi kwa raha kuliko zote, muda wa kama robo saa.

Tawi lilikuwa limekufa na mimi nililijua limekufa. Mtu mwenye raha hatazami. Likakatika, nikaporomoka, kamba ya miguuni ikanasa kwenye kisiki cha tawi jingine chini yake, nikaning'inia kichwa chini, mguu mmoja umekazwa, mwingine unapiga hewa. Panga lilikuwa limekwisha anguka. Kofia yangu ya viua ilikuwa chini huko, ndogo kama kifuniko cha kikombe.

Nikaita, "Mzee Alfu!"

Alikuwa hatua thelathini kutoka kwangu. Shoka lake linapanda, linashuka. Nikaita tena. Nikaita kwa Kiswahili, nikaita kwa Kiingereza, nikamwita baba, nikamwita mwanaharamu, Mungu anisamehe. Msitu ulivyokuwa kimya, sauti yangu ilikuwa inanirudia mwenyewe kutoka upande wa pili. Na yule mtu akainama, akaokota kigingi kingine, akakitazama kama kimenyooka.

Hapo nilijua kwamba ameniacha nife. Damu imejaa kichwani, macho yanaona mekundu, nikaanza shahada. Nikaikatisha katikati, maana niliona haya kufa na chuki mdomoni, nikaianza upya. Ndipo mkono ukagusa mfuko. Ulikuwa umebanwa na kwapa, na mlikuwa na matunda ya msonobari, yale magumu yenye magamba. Nikaanza kumrushia. Mtu aliye kichwa chini hana shabaha. La kwanza lilikwenda kwenye miiba. La pili, la tatu, sijui. Sijui lilikuwa la ngapi lililompiga kwenye kofia.

Akageuka, akatazama chini, akaliokota, akatazama juu.

Sijamuona mzee akikimbia vile tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi, akaisimamisha, akapanda mwenyewe akiwa na kisu kwenye meno, akanipa bega, akakata kamba. Tuliposhuka alinilaza juu ya majani, akavua koti lake akanifunika, akakaa kando yangu anahema kuliko mimi. Kisha akasema. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake. Ilikuwa kubwa mno na bapa, kama ya mtu anayeongea kutoka kisimani. Akagusa masikio yake yote mawili, akatikisa mkono kwamba hamna kitu. Akaweka mkono shavuni, akafungua mdomo wazi kama mimi ninavyoita, bila sauti. Akajinyooshea kidole machoni. Kisha akaegemea kwenye shina, akaligonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akanyoosha kidole juu, kwenye mti, kisha kifuani kwake.

Yaani nimekuona. Najua uko juu.

Wiki tano mtu yule alikuwa akiniitikia.

Bwana Gome aliporudi jioni akakuta mguu wangu umefungwa, nikamwambia, "Bwana, kwa nini hukuniambia kwamba Mzee Alfu ni kiziwi?"

Akasema, "Nilikwambia. Siku ya kwanza. Nilisema hasikii."

"Bwana, kwetu asiyesikia ni mkaidi. Asiyesikia kwa masikio tunamwita kiziwi."

Akakaa. Akavua miwani. "Miaka kumi na tisa nimekaa Tanga," akasema, "hakuna aliyeniambia." Akaniambia kuwa masikio ya Alfu yaliharibiwa na mizinga, vita vya kwanza, alipokuwa kijana. Nikamuuliza na ile ngazi? Akasema hajui habari ya ngazi. Mimi peke yangu nilijua ile ngazi ilikuwa ikiletwa kwa ajili ya nani.

Mguu ulinipa siku tisa za kukaa. Zilizobaki nilifanya kazi, na kila asubuhi nilikwenda kumsimamia Alfu mbele, si nyuma, nikamsalimu akiona mdomo wangu, naye akainua kidole kwenye kofia. Hatukuwa marafiki wa kuzungumza, tungezungumza vipi? Asubuhi ya mwisho niliita kwa sauti yote, ingawa nilijua haimfikii, maana sikuona sababu ya kumpa nusu. Akagonga mara mbili. Moyo ulikwenda Tongoni kama kawaida yake, lakini mimi sikushuka. Nilijaza gunia.

Mama nilimkuta hai, akaishi miaka mingine minne. Barua zilikuwa zimeandikwa tatu, zikanifuata nyuma kwa meli nyingine, nikazisoma Tongoni mbele ya waliozituma. Misonobari mnayoiona nyuma ya kitalu cha juu ndiyo ile. Nilipomsimulia Mzee Mbaruku, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi umekwenda Ulaya kwa meli kujifunza kugonga mti." Lakini kesho yake nilimuona chini ya mnazi wa jirani akigonga shina mara mbili, kuna mkwezi kijana juu. Nikamuuliza je, msiba utagongwa vipi? Akasema, "Tatu." Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo kitaluni. Mbili ni nimekuona, tatu ni shuka ukae chini. Hakuna Mjerumani hapo.

Sasa naishi Makorora, nyumba za karibu karibu, mti mmoja tu mtaani na huo ni wa mwarobaini. Zuhura masikio yalimwacha uzeeni, pole pole, kama taa inayoishiwa mafuta. Mimi nilijua la kufanya. Nikitaka kwenda msikitini nilimzunguka mpaka mbele, nikasema, "Natoka." Yeye akaona mdomo, akagonga sufuria kwa mwiko mara mbili. Watoto walidhani ni mchezo wetu wa wazee.

Amefariki mwaka jana, mwezi wa mfungo sita, ule wa Maulidi. Nikifika mlangoni bado nasema, "Natoka." Nasimama kidogo na kiatu mkononi. Kisha natoka bila kuitikiwa, jambo ambalo nyinyi nimewakataza miaka yote.